Nimefaulu, Mbona Najiona Bandia? Unyenyekevu, Udogo wa Moyo na Ukweli Juu ya Nafsi

Tutafakari pamoja jambo ambalo wengi wetu tunalo ila ni wachache wanaolisema: hofu inayomjia mtu baada ya kufaulu.

Utangulizi

Tarehe 28 Januari Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. Siku hiyo sisi wanafunzi wa falsafa huwa na kongamano dogo, na mwaka jana zamu ya kuwasilisha mada iliniangukia mimi. Sababu yake ilikuwa wazi: muhula uliotangulia nilikuwa nimeongoza darasa katika metafizikia. Mada ilikwenda vizuri. Maswali niliyajibu. Walimu walinipa mkono, na mafrateri wenzangu walipiga makofi mpaka nikaona aibu.

Usiku ule sikulala. Badala ya kumshukuru Mungu nilibaki nikihesabu: swali la tatu nilijibu nusu tu, lile neno la Kilatini nilitamka vibaya, yule padre alitabasamu, bila shaka amenibaini. Nikajiambia, “Leo umepona. Kesho watajua.”

Mimi nilisoma shule ya kata, huko Mbinga mkoani Ruvuma. Wengi darasani kwetu wametoka seminari ndogo, wamekula Kilatini tangu kidato cha kwanza. Mimi neno *ens* nililisikia nikiwa mtu mzima tayari. Kwa hiyo kila alama nzuri niliyopata niliipa maelezo: mtihani ulikuwa rahisi, mwalimu alinionea huruma, nilibahatisha. Kwa maneno mengine, nilijiona mtu bandia anayengoja kukamatwa.

Ningeweza kuliacha jambo hilo kama udhaifu wangu binafsi. Lakini wiki mbili baadaye likamdhuru mtu mwingine. Frateri wa mwaka wa kwanza alinijia na daftari lake la Mantiki, akasema, “Kaka, samahani, naomba unisaidie hapa kwenye silojia, mtihani umekaribia.” Nikamjibu, “Ndugu yangu, mimi mwenyewe sijui kitu. Ile ya juzi ilikuwa bahati tu. Mtafute mwingine.” Niliona nimejibu kwa unyenyekevu. Yeye hakumtafuta mwingine. Alianguka, akapangiwa kurudia mtihani. Baadaye aliniambia, bila hasira, “Nilijua unajidai tu, Kaka. Mtu aliyeongoza darasa hawezi kusema hajui kitu.”

Jibu hilo lilinichoma, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Iweje niliyedhani ni unyenyekevu, mwenzangu ayaone kuwa majivuno? Na je, alikosea?

Hali hii ni nini?

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha utafiti juu ya wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefanikiwa sana: wenye shahada za juu, wenye kuheshimiwa katika taaluma zao, wanafunzi bora wa vyuo. Pamoja na ushahidi wote huo, wengi wao waliamini ndani kabisa kwamba hawana akili, ila wamefaulu kuwadanganya watu. Tangu hapo imeonekana kuwa wanaume nao wanayo hali hiyo. Katika makala hii nitaiita hofu ya kujiona bandia.

Ni vema tuelewe jambo moja mapema. Hali hii si ugonjwa ulioorodheshwa katika miongozo mikuu ya magonjwa ya akili. Ni namna ya kufikiri na kuhisi inayomzungusha mtu. Mzunguko wake ni huu: unapewa kazi, unaingiwa na wasiwasi. Kwa sababu ya wasiwasi unafanya moja kati ya mawili: ama unajiandaa kupita kiasi, ama unaahirisha mpaka dakika ya mwisho ndipo unakimbizana nayo. Unafaulu, unapumua. Kisha unajieleza: kama ulijiandaa sana, unasema, “Nimefaulu kwa jasho, si kwa uwezo.” Kama uliahirisha, unasema, “Nimefaulu kwa bahati.” Ama kwa hili ama kwa lile, mafanikio hayakuingii moyoni. Kazi inayofuata inakukuta na hofu ileile, tena imeongezeka, maana sasa watu wanategemea zaidi kutoka kwako.

Ndiyo maana hofu hii huwapata zaidi waliofaulu. Aliye chini hana cha kunyang’anywa. Aliyepandishwa ndiye anayetazama chini.

Mizizi yake kwetu

Kwetu hofu hii inapata mbolea ya ziada katika malezi. Tangu utoto tumesikia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba ngoma ivumayo sana hupasuka. Ni methali zenye hekima, zinatuonya tusilewe sifa. Lakini mtoto aliyesikia onyo tu, bila kuambiwa hata siku moja “umefanya vizuri”, hujifunza kwamba sifa ni mtego. Akisifiwa anatafuta ulipo mtego.

Mzizi wa pili ni kuwa wa kwanza. Anayekuwa wa kwanza katika ukoo kufika chuo, au wa kwanza kutoka kigango chake kuingia seminari kuu, hana kielelezo cha mtu kama yeye mahali alipo. Anatazama kulia na kushoto, anaona wenzake wanajua namna ya kuzungumza na profesa, namna ya kutumia maktaba, hata namna ya kushika uma. Anachanganya mambo mawili: kutozoea mahali na kutostahili mahali. La kwanza hutibiwa na muda. La pili ni hukumu, na hukumu inahitaji ushahidi.

Mzizi wa tatu ni kujilinganisha. Mwenzangu namwona akiwa nje, amevaa kanzu nyeupe, anajibu swali. Mimi najiona kwa ndani, na vurugu zangu zote. Nalinganisha ndani yangu na nje yake. Mizani ya namna hiyo lazima inionee.

Tuipime hoja kwa mantiki

Kwa kuwa tumefundishwa kuzipima hoja, tuipime na hii. Mtu anayejiona bandia huwa anafikiri hivi, hata kama hasemi:

*Kila anayestahili hana shaka juu ya uwezo wake. Mimi nina shaka. Basi sistahili.*

Kwa umbo lake silojia hii inasimama: dokezo hizo mbili zikiwa kweli, hitimisho halikwepeki. Tatizo liko kwenye dokezo kuu. Nani alithibitisha kwamba anayestahili hana shaka? Daktari mzuri huangalia dawa mara mbili. Rubani mzuri hukagua ndege anayoijua. Shaka mara nyingi ni dalili kwamba mtu anafahamu uzito wa kazi. Dokezo kuu likianguka, hitimisho nalo linaanguka.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Nikifeli nasema, “Mnaona? Sina uwezo.” Nikifaulu nasema, “Ilikuwa bahati.” Sasa niulize: ni tukio gani duniani lingeweza kuonyesha kwamba nina uwezo? Hakuna. Karl Popper alitufundisha kuitilia mashaka nadharia ambayo haiwezi kukanushwa na tukio lolote. Inaonekana ina nguvu kwa sababu inaeleza kila kitu, kumbe huo ndio udhaifu wake. Hofu yangu ilikuwa nadharia ya namna hiyo.

Niliwahi kumweleza mama haya kwa simu, nikitarajia anihurumie. Mama ni mkulima wa kahawa. Akasema, “Mwanangu, mwaka huu nilidhani nina kahawa kidogo, nikaenda kwenye mzani roho mkononi. Mzani ukasema nyingi. Ulitaka nibishane na mzani?” Nikacheka, lakini baadaye nikaona ametoa hoja. Mizani inaweza kukosea, ni kweli; ikikosea tunaipima tena kwa mizani nyingine. Lakini hofu ya mwenye mzigo haijawahi kuwa kipimo cha uzito. Walimu watano katika masomo matano, kwa miaka miwili, wote wamedanganyika kwa namna ileile, na mimi peke yangu ndiye ninayeona sawasawa? Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa yule frateri.

Falsafa inatufundisha nini?

*Sokrate.* Kama Plato anavyosimulia, rafiki yake Sokrate aitwaye Chaerephon alikwenda Delphi kuuliza kama yupo mwenye hekima kuliko Sokrate. Jibu likawa hakuna. Sokrate hakulikubali kwa majivuno wala hakulikataa kwa hofu. Alikwenda kulichunguza: aliwahoji wanasiasa, washairi na mafundi. Akagundua kwamba wao walidhani wanajua wasiyoyajua, naye angalau alitambua asilolijua. Tuone tofauti yake na mtu anayejiona bandia. Sokrate alikiri kutojua kwake hadharani na akauliza maswali. Anayejiona bandia hukificha kutojua kwake na kuogopa kuuliza, asije akabainika. Ujinga uliokiriwa ni mlango wa elimu. Uliofichwa ni kifungo.

*Aristotle.* Katika kitabu cha nne cha *Maadili ya Nikomako*, anazungumzia fadhila ya ukuu wa moyo. Mwenye fadhila hiyo anajiona anastahili makubwa, na kweli anastahili. Pembeni mwake kuna makosa mawili. La kwanza ni la mtu wa majivuno, anayejidai anastahili makubwa na kumbe hastahili. La pili ni la mwenye moyo mdogo, anayestahili ila anajipunja. Wengi wetu tungedhani kosa la kwanza ndilo baya zaidi. Aristotle anasema kinyume: udogo wa moyo hupatikana zaidi na ni mbaya zaidi, kwa sababu wenye hali hiyo hujitenga na matendo mema wakidhani hayawahusu. Hasara yake haibaki kwa mtu mmoja. Tendo jema ambalo lingefanyika halifanyiki.

*Thoma wa Akwino.* Thoma anaichukua hoja hiyo na kuijibia swali ambalo Mkristo lazima aulize: je, ukuu wa moyo haupingani na unyenyekevu? Katika *Summa Theologiae* anajibu kwamba haupingani, kwa sababu kila fadhila inatazama upande wake. Ukuu wa moyo unatazama vipaji ambavyo mtu amevipokea kwa Mungu. Kwa hivyo anajiona anaweza mambo makubwa. Unyenyekevu unatazama upungufu ambao mtu anao kwa upande wake mwenyewe. Kwa hivyo hajikwezi. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili saa ileile, bila kujidanganya. Kipaji ni kweli. Upungufu nao ni kweli.

Halafu Thoma anasema neno linalotugusa. Anauhesabu udogo wa moyo kuwa dhambi, na kielelezo chake ni yule mtumishi katika Injili ya Mathayo sura ya 25, aliyefukia talanta kwa hofu. Tena anaongeza kwamba udogo wa moyo unaweza kuzaliwa na kiburi: pale mtu anaposhikilia mno maoni yake mwenyewe kwamba hafai, ingawa anafaa. Kumbe yule ndugu yangu wa mwaka wa kwanza, bila kuisoma *Summa*, alikuwa amenipa tafsiri yake sahihi. Mimi niliweka maoni yangu juu ya ushahidi wote, juu ya walimu wote, na juu ya shida ya mwenzangu. Nikaviita unyenyekevu.

Watakatifu nao walitetemeka

Mwaka 391 waamini wa Hippo walimshika Augustino kanisani wakamtaka awe padre wao. Alilia. Baada ya kuwekwa wakfu hakujifanya jasiri, wala hakukimbia. Alimwandikia askofu wake, Valerio, akiomba muda wa kusoma Maandiko Matakatifu ili aweze kazi aliyopewa. Hofu ilimwambia ana pengo, naye akaigeuza kuwa ombi la kujifunza.

Yohane Maria Vianney alihangaika sana na Kilatini seminarini. Aliwekwa wakfu mwaka 1815, na mwaka 1818 akapelekwa kijiji kidogo cha Ars, Ufaransa. Baadaye watu walimiminika kutoka mbali kuungama kwake. Mtu angedhani mafanikio hayo yangemtuliza. Ilikuwa kinyume: alijiona hafai kuwa paroko, na mara kadhaa alijaribu kuondoka Ars akaishi maisha ya upweke na toba. Kila mara alirudi. Alikaa mpaka kifo chake mwaka 1859, na leo ni msimamizi wa maparoko. Nakiri kwamba napata faraja zaidi katika kurudi kwake kuliko kama asingetetemeka kabisa.

Maandiko nayo yamejaa watu wa namna hii. Musa alitoa udhuru wa ulimi mzito. Yeremia alitoa udhuru wa ujana. Petro, mara tu baada ya wavu kujaa samaki, alimwomba Bwana aondoke kwake. Tuone vema: hofu ya Petro ilikuja baada ya mafanikio, si baada ya usiku ule wa kukosa. Wala Yesu hakubishana naye kama ni mwenye dhambi au la. Alimwondolea hofu, akampa kazi.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwe wakweli. Si kila anayejiona bandia anakosea. Aliyenakili kazi ya mwenzake, au aliyeingia na karatasi kwenye mtihani, dhamiri ikimwambia “si yako” inasema kweli. Dawa yake ni toba na kurekebisha. Kwa hiyo jiulize: je, kuna jambo nililodanganya? Kama lipo, litubu. Kama halipo, basi hisia hii haina shahidi.

Pili, tuseme kwa sauti. Nilipomweleza mlezi wangu wa kiroho, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka wake wa kwanza wa kufundisha alikuwa akitapika kabla ya kipindi. Nilimtazama mtu niliyemwona mwamba. Hofu hii hula gizani; ikitajwa mbele ya mtu wa kuaminika hupungua. Na kama imefika mahali pa kukunyima usingizi kwa wiki nyingi, chakula, au hamu ya kuishi, basi si suala la tafakuri peke yake. Mwone mshauri nasaha au daktari. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Tatu, tujifunze kupokea sifa. Ukiambiwa “hongera”, jibu “asante, namshukuru Mungu”, kisha nyamaza. Usiongeze “lakini”. Kila “lakini” unayoongeza unamwambia aliyekupongeza kuwa hana macho.

Nne, tutenganishe “sijui bado” na “siwezi”. La kwanza linaonyesha pa kuanzia. Andika kwenye daftari: hapa sijaelewa, nitamuuliza nani, lini. Orodha ya mapengo yenye tarehe ni kitu tofauti kabisa na wingu la hofu.

Tano, tuitumie karama kwa ajili ya mwingine. Wakati ninafikiria kama nastahili, ninajitazama mimi. Ninapomfundisha mtu, namtazama yeye, na swali la kama nastahili linakosa nafasi.

Hitimisho

Nilikwenda kumwomba radhi yule frateri. Kisha, Jumamosi tatu mfululizo baada ya kazi za mikono, tulikaa chini ya mwembe tukapitia silojia moja baada ya nyingine. Jumamosi ya pili aliniuliza swali ambalo sikulijua. Moyo ulinidunda: sasa amenibaini. Nikamwambia, “Hili silijui. Twende tukamuulize mwalimu.” Tulikwenda wote wawili, tukaelezwa, tukarudi. Hakuna kilichoanguka. Alirudia mtihani wake akafaulu.

Mwaka huu nimeombwa kusimamia kikundi cha Mantiki cha mwaka wa kwanza. Nimekubali. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka mpaka chaki ikakatika, na nadhani itatetemeka tena. Lakini sasa najua kwamba mikono inayotetemeka inaweza kuandika ubaoni, na waliokaa mbele yangu wanahitaji kile kilichoandikwa.

Maswali ya kujitafakari

1. Ni mafanikio gani katika maisha yangu ambayo hadi leo nayaita bahati? Nina ushahidi gani?
2. Je, yupo mtu aliyekosa msaada kwa sababu nilisema “mimi sijui kitu”?
3. Nani katika jumuiya yangu amefanya vizuri na hajaambiwa? Nitamwambia lini?